Kichwa Nusu

Kapilipili,

Usicheke. Najua umekuwa mukubwa, hutaki tena hii jina mbele ya marafiki yako. Lakini mi njo nilikuita hivyo, siku ya ubatizo wako kule Butembo, ulilia kwa hasira mupaka padri akapoteza musitari alikuwa anasoma, na leo siko tayari kubadilisha.

Umeenda Keshero kuaga koko wako. Namujua mama yangu: atakupikia, atalia, atakupa rozari, atalia tena, kisha atakumbuka kwamba hujakula vya kutosha. Kwa hiyo niko na wakati. Nimefunga saluni mapema, nimekaa ku kiti cha kliyanti, kile chenye muguu umefungwa na waya, na ninaandika haraka juu nikiandika polepole nitaanza kufuta.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kuficha feza, ya wanaume wa mu basi wenye kutaka kukubebea sakoshi, nayaruka yote. Unayajua. Mi nataka tuongee juu ya kichwa chako.

Leo asubuhi ulikaa mbele ya kioo, ukasuka upande wa kuume. Ukaniita nikusaidie nyuma, nikakusaidia. Natte ndogo ndogo, safi, zimenyooka, nikasema mu roho: huyu mutoto amenipita. Kisha ukasimama.

«Unaenda wapi? Na kushoto je?»

«Kushoto kunabaki hivyo, mama. Imeisha.»

«Imeisha namna gani? Uko kama shamba wenyewe walikimbia katikati ya kulima!»

Ukacheka. Ukachukua telefone, ukanisikilizisha sauti ya Tantine Bea, patroni wako mupya wa Nairobi: «Masika mupenzi, kuja na kichwa nusu, eh? Kuume usuke, kushoto uache. Utaelewa ukifika. Hapa wasichana wangu wote wako hivyo.»

«Ni stili, mama! Ni mode ya Nairobi! Weye uko wa zamani.»

Wa zamani! Mi mwenye trente-quatre ans, miaka makumi tatu na ine! Nilikuzaa niko na seize ans, kumi na sita, tumekomaa pamoja mi na weye, na unaniita wa zamani. Nilitaka kukujibu, kliyanti akaingia, weye ukakimbia Keshero na hicho kichwa chako. Basi jibu ni hili hapa.

Si stili, Kapilipili. Ile mode naijua. Niliivaa mu Nairobi mupaka siku walitufukuza.

Unaona ile foto ku ukuta, mi na weye mbele ya kanisa, weye na robe ya njano, mi na kitambaa kichwani kama mutu wa kilio? Umeniuliza mara mingi: «Mama, weye musukaji mzima, kitambaa cha nini?» Nilikuwa nakujibu eti kulikuwa jua kali. Hakukuwa jua. Chini ya kile kitambaa kulikuwa kichwa nusu. Na mwanamuke mwenye alipiga ile foto ni Bea, mwenyewe na kitambaa chake. Unajua tulifanya kazi pamoja. Hujui tulikaa pamoja, kiti kwa kiti. Nakuelezea.

Tulifika Nairobi juu ya vita. Ilikuwa ile mara watu walishuka kutoka Kibati mupaka kwetu Goma na magodoro kichwani, barabara imejaa, mbuzi, masufuria, wazee mu mugongo ya watoto wao. Nikakufunga mugongoni, tukaendelea na njia. Kila mutu aliniambia: ingia mu kambi, watakuandika, utapata hema. Mi na kuandikwa, mi na kungojea ku musitari! Hapana. Niliacha masomo quatrième primaire, darasa la ine, hakuna mutu alinifundisha kazi, nilijifunza kusuka mi mwenyewe mu shamba la papa yangu, ku zile nywele za mahindi mabichi. Nilikuwa nasuka mahindi yote ya musitari moja, papa akija kuvuna anakuta shamba limeenda saluni. Nilikuwa nimejiambia: na hivi vidole, hatutakufa njaa popote. Watu waliniita mwenye kiburi. Sawa. Kile kiburi njo kilikulisha.

Kule Nairobi, mutu tulimuita Madam tu alikuwa na saluni juu ya duka la viatu. Mwanamuke wa kule kule, munene, mwenye kucheka kwa sauti. Hakuniuliza papie, kibali cha kazi. Aliniangalia vidole tu.

«Unajua kusuka?»

«Najua.»

«Kesho saa moja.»

Njo mukataba wangu wote huo. Tulikuwa wasichana wa Congo wengi pale, na wateja walikuwa wanakuja juu yetu. Nyuma ya saluni kulikuwa pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa ile mashine ya kukausha nywele, ya pinki, yenye ilishakufa, na weye ulikuwa unalala chini yake kama ni nyumba yako. Ile pinki unaikumbuka. Ulishaniambia.

Zamani, wale watu wa vibali vya kazi wakija, walikuwa wanakamata sisi. Kisha siku moja radio ikasema: sasa tutapiga patroni. Mwenye kuweka mugeni kazini bila kibali, yeye njo atalipa, duka lake litafungwa, na gereza inaweza kufuata. Tulisikia hivyo tukiwa na vichwa vya watu mukononi. Tukapiga makofi! Mi njo nilipiga zaidi ya wote. Niliruka, nikasema: «Angalau! Angalau wamefuata mwenye nguvu, wameacha mwenye kukimbia!» Niliona kwamba kule mbali, mu ofisi fulani, mutu ametukumbuka.

Haikumaliza juma. Madam akatuita nyuma ya pazia.

«Wasichana, mmesikia. Mimi sifukuzi mtu, nawahitaji. Lakini kuanzia leo hapa hakuna mfanyakazi mgeni. Kuna wateja tu.»

Akatupa amri mupya ya kazi. Kila moja wetu asuke nusu ya kichwa chake, nusu abakie wazi, siku zote. Yeye akisema kwa sauti kubwa «Karibuni wageni!», tuweke kitana chini, tukae ku viti, na wale wasichana wenye vitambulisho wasimame nyuma yetu. Tumekuja kusukwa. Kazi iko katikati. Nani atauliza mwanamuke mwenye kichwa nusu kama yeye njo anasuka?

Tulicheka mupaka machozi. Tulifanya hata mazoezi! Bea alikuwa wa kwanza kuruka ku kiti, anakunja muguu, anaanza kulalamika kama bibi ya waziri: «Ai, unanivuta! Taratibu, dada, hiki kichwa si mali yako!» Tuliona ni muchezo. Tuliona tumeshinda sheria.

Sikia sasa namna ile sheria ilitushinda.

Kila juma nilikuwa nafumua ule upande wa kuume na kuusuka tena, ule ule, juu uonekane umesukwa leo. Kushoto hakukuguswa. Njiani, kanisani, sokoni: kitambaa. Hiyo ni kidogo. Bea akachoma mukono na yale maji ya moto ya kufunga ncha za meshi, zile nywele za kuongezea. Ngozi ilitoka. Tukamuambia Madam: tumupeleke hospitali. Akasema: «Nitasema ameungulia wapi? Hapa? Mteja hachomi mkono wake mwenyewe.» Akamununulia pomade ya kupakaa. Nikaomba siku moja ya kupumuzika juu weye ulikuwa na homa. «Kahindo, ukiwa huko nyumbani nani atakaa kwenye hicho kiti?» Mushahara ukashuka, «kwa sababu ya hatari». Hatari ya nani? Na hatukuweza kubisha. Kliyanti anaweza kuomba mushahara? Kliyanti anaweza kusema amechoka na kazi? Tulikuwa tunasuka mupaka vidole vinavimba, na ku macho ya sheria tulikuwa wanawake wamekuja kujipendezesha.

Wakaja siku ya Ijumaa, wale watu wa vibali, saluni imejaa. Mwanaume moja na mwanamuke moja, wamevaa vizuri.

«Karibuni wageni!»

Tukakaa. Nyuma yangu akasimama musichana wa kule, Njeri, mwenye kazi yake ilikuwa kupokea watu na telefone. Alishika natte yangu kama mutu ameshika nyoka mukia. Mwanaume akatembea polepole nyuma ya viti. Akafika kwangu. Akatabasamu mu kioo.

«Sista, urembo umekuwa ghali siku hizi. Hapa wanakutoza ngapi?»

Kapilipili, nilikuwa nimejifunza yote! Nilijifunza kusema mtu, si mutu. Nilijifunza jina la mtaa, jina la shule yenye sikusoma. Lakini bei! Sisi watu wa Goma, hata utumwagie maji baridi mu usingizi, feza tunaihesabu mu Kifaransa. Nikafungua kinywa na roho safi:

«Mille cinq cents.»

Njeri akaachilia natte.

«Ngapi?»

«Elfu moja... na mia tano.» Nimechelewa.

Akamugeukia Madam. «Huyu ni mfanyakazi wako?»

«Huyo? Simjui. Ni mteja. Ameingia leo.»

«Humjui kabisa?»

«Sijawahi kumuona.»

Nilikuwa namuangalia mu kioo. Ule Madam alikuwa ananiwekea chai yangu kando, bila sukari, juu alijua siipendi na sukari. Alijua ninaogopa radi. Kama angekuwa mutu mubaya, hii hadithi ingekuwa mwepesi, ningemuchukia na kulala. Hakuwa mubaya. Aliwekewa maneno mawili tu mbele yake. Akisema «namjua», saluni inafungwa. Akisema «simjui», saluni inabaki. Ile sheria tulipigia makofi haikutoa hata mutu moja kazini. Ilifundisha tu mapatroni kusema simujui.

Na sasa, weye.

Sauti zilikuamsha. Ukatoka nyuma ya pazia na chupi na kiatu kimoja. Ukapita mbele yangu, mbele ya mama yako, hukusimama! Ukaenda moja kwa moja kwa Madam, ukapanda ku magoti yake, ukaingiza mukono mu mufuko wa blouse yake, kule alikuwekeaka biskuti.

Ule mwanamuke wa vibali njo alicheka wa kwanza.

«Mama yake humjui. Lakini mtoto anajua mfuko wako.»

Madam angeweza kukusukuma. Hakukusukuma. Alikutolea biskuti, akaivunja, akakupa. Juu ya ile biskuti siwezi kumuchukia mupaka leo. Lakini wakati walinisimamisha, aliniambia kwa sauti ya chini: «Kahindo, umeniua.»

Nikamujibu: «Sasa unajua jina langu.»

Walitupakiza, mi na weye, tukarudishwa kwetu; Bea na wengine walionekana kliyanti, wakabaki. Mu basi nikatoa kile kitambaa, nikakitupa ku dirisha. Niliingia Goma hivyo, kichwa nusu mbele ya watu wote, wanawake wa ku soko wananionyesha kidole, na mi nawaangalia ku macho. Koko wako njo alinimalizia kushoto. Hajui kusuka! Alitoa natte nene kama kamba za mbuzi. Sijawahi kuwa muzuri vile.

Ungefikiri nilijifunza. Ngoja.

Unamukumbuka Solange, alikuwa anasuka hapa, mu hii saluni nilifungua. Alikuwa anatoka Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, anavuka kila asubuhi ku petite barrière, kile kizuizi cha wenye miguu, na jeton, ile karatasi inakuruhusu kuja kununua na kuuza na kurudi jioni. Karatasi ya kuvuka, si ya kufanya kazi. Mikono mwepesi kama ya mutu anapiga gitare. Weye mwenyewe, zile natte za kuzunguka sikio, ni yeye alikufundisha. Kisha vita ikarudi ku milima, watu wakaanza kuangaliana vibaya mu muji, na amri ikatoka: mwenye butike akikutwa na mugeni hana karte ya kazi, atalipa amande, faini, na mulango utapigwa scellé, ile karatasi nyekundu yenye ukiirarua unaenda gereza.

Na mi, mama yako, mwenye kichwa kikubwa, mwenye kutupa kitambaa ku dirisha, nilifanya nini? Nilimuita Solange nyuma. Nikasikia kinywa changu kinasema: «Sikufukuzi, nakuhitaji. Lakini kushoto uache wazi.» Neno kwa neno! Hata sauti ilikuwa ya Madam! Solange hakucheka. Akasema tu «Sawa, patroni,» na kabla ya ile siku alikuwa ananiita Kahindo.

Na kuna jambo lingine lenye sikukuelezaka. Riziki, musukaji wangu mwingine, wa hapa Mapendo, mwenye karte yake na kwao hapa hapa, alikuja kuniomba nimuongezee mushahara. Nikamujibu: «Solange anakubali chini ya hapo.» Na kweli alikubali! Angebisha na nani? Njo pale Riziki alianza kumuchukia Solange. Weye ulikuwa unawaona hawasalimiane, unauliza ni kabila? Haikuwa kabila. Ilikuwa mi. Nilificha moja, nikawapunguza wote wawili, kisha nikashangaa wanaangaliana vibaya.

Weye ulikuwa na treize ans, kumi na tatu, unafagia nywele chini. Ukauliza mbele ya watu: «Mama, kichwa cha Solange kinaishaka lini?» Ulifikiri Solange ni muvivu.

Wakaja wawili, watu wa ile amri, na nyuma yao majirani wanachungulia. Solange akaruka ku kiti. Ule mukubwa wao, papa moja wa heshima, anatoka jasho, akauliza: «Mama patroni, huyu ni nani?»

Neno lilikuwa tayari mu kinywa. Lilikuwa tayari miaka yote ile! Nikainua macho, nikamuona Solange mu kioo. Alikuwa amevaa ule uso. Uso wa kliyanti, midomo mbele kidogo, kama anangojea zamu, kama hakuna kitu kinamuhusu. Ule uso ni wangu. Niliuvaa mbele ya kioo kingine.

«Anaitwa Solange. Anafanya kazi hapa. Mi njo nilimupa kazi.»

Ule papa akakaribia, akateremusha sauti. «Mama, fikiri vizuri. Nimeuliza: ni kliyanti?»

Unaelewa? Alikuwa ananisaidia! Alitaka niseme ndiyo, aandike, aende kunywa fanta. Hata wao wanapenda huu uongo, Kapilipili, unawapunguzia kazi.

«Papa, umenisikia. Angalia vidole vyake vimeungua. Kliyanti anaunguaka vidole? Andika. Na usiandike yeye kwanza, andika mi.»

Karatasi nyekundu ikabandikwa ku mulango. Mama Jolie, jirani wetu wa makaa, akapiga kelele mupaka ng'ambo ya barabara: «Kahindo! Unafunga kazi yako juu ya mutu wa kule? Na watoto wetu wanakaa bure?»

«Leta Jolie wako Jumatatu! Namufundisha bila franga hata moja!»

«Jolie ataweza kusimama siku muzima? Unamujua vizuri?»

«Mi namujua. Njo maana nasema umulete!»

Watu wakacheka, hata yeye. Mupaka leo Jolie hajaletwa. Lakini swali lake halikuwa la kijinga, na mutu akikuuliza kule Nairobi swali kama lile, usimutukane. Watoto wa mutu wanakaa bure kweli. Nilitaka tu kumuambia kwamba si Solange alishusha bei. Bei ilishuka siku mi nilimukalisha ku kiti.

Tulitoa mabidon ya kukalia, tukakaa inje, ku yale mawe meusi mbele ya parcelle, kiwanja chetu. Riziki akaja. Kesho yake Solange akafika, kichwa kizima, kuume na kushoto, amejimalizia mwenyewe. Alisimama pale barabarani akasema: «Kahindo, kichwa cha nani nianze?» Tukasuka mbele ya pikipiki, mbele ya vumbi, mbele ya kila mutu. Wale watu wa amri walipita, wakasimama. Nikawaambia: «Amri inasema mulango. Mnaona mulango hapa?» Ule papa wa heshima akatikisa kichwa, akaenda. Nasema kweli: karatasi yenyewe ilikaa muda murefu, tulikula mihogo sana, weye ulinung'unika. Na Solange hakubaki. Walibadilisha masaa ya mupaka, kisha barieri ikafungwa, akashindwa. Sikuokoa mutu. Lakini ananitumiaka sauti ku telefone mupaka leo, na anasema Kahindo. Hasemi patroni.

Kwa hiyo hii saa, wakati ulitoka kwenda Keshero, nilipigia Bea.

«Bea, kichwa nusu tena? Weye? Na ule mukono?»

Akaanza haraka haraka, unamujua: «Kahindo, nifanye nini sasa? Huku wamekaza. Kibali chake kimoja kinaweza kumeza saluni yote. Nikimukataa, anabaki Goma bila kazi, na utanilaumu. Kichwa nusu, njo nafasi nilipata ya kumupa.»

«Sikulaumu. Nauliza kitu kimoja. Siku wataingia na kukuuliza kama unamujua mutoto wangu?»

Nilisikia mashine ya kukausha nywele inanguruma nyuma yake. Nilisikia wasichana wanacheka, kama sisi.

«Kahindo,» akasema, «weye mwenyewe unajua hilo swali.»

Basi. Bea ni mutu wetu, ana roho, atakulisha vizuri, atakununulia pomade. Na atasema hakujui. Sitakuambia usiende! Hapa kuna nini? Kliyanti wanalipa na unga, mabanki yamefungwa, kila mara tunasikia bunduki tunazima radio juu tuisikie vizuri. Enda. Weye uko na mikono muzuri kuliko yangu, na huu mupaka, na ule, na wa mbele yake, haiko na haki ya kukuambia vidole vyako vinaishia wapi. Papie ukiweza kuitafuta, itafute, piga kelele ku maofisi, waulize mupaka wachoke na sura yako. Lakini papie inaweza kuchelewa kuliko wale watu wa Ijumaa.

Ulipotoka hukuona nimefungua sakoshi yako. Nimeweka meshi, rangi ile ile ya upande wa kuume, inatosha kushoto kote. Na kitana changu cha mufupa, kile unaniombaka kila siku na ninakunyima. Sikukusuka kwa nguvu. Kichwa ni chako. Ukifika kesho kutwa na kichwa nusu, sitakuwa pale kukuona.

Ila nakumbuka mutoto wa miaka ine, kiatu kimoja, alipita katikati ya watu wazima wote wanajifanya hawajuane, akaenda kupanda ku magoti ya mutu alimujua. Hakuna mutu alikuwa amemufundisha kujificha bado. Alituharibia kazi, akatufukuzisha mu inchi ya watu, na mu ile saluni nzima ni yeye peke yake hakudanganya.

Sasa unijibu mi, Kapilipili, na usinijibu kwa telefone mbele ya Bea. Itakuwa Ijumaa, saluni imejaa. Uko na kitana changu mukononi na kichwa cha mutu mbele yako, katikati ya natte. Mulango unafunguka. Bea anasema kwa ile sauti yake: «Karibuni wageni!» Wenzako wote wanaruka. Kiti chako kiko pale, kitupu, kinakungojea.

Weye utafanya nini?

Mama yako,
Kahindo